Sentensi Aliyoiandika Cecilia Payne

Ndugu waandishi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, habari za mchana.

Mwenyekiti wenu alinipigia simu akasema, "Mwalimu, njoo utuambie mwanamke wa sayansi hupitia yapi, maana hapa tuna watu watatu wanaoandika riwaya juu yake." Nilikubali hata kabla hajataja tarehe. Nimefundisha fizikia kwa miaka 26. Kabla ya kushika chaki nilikuwa mpima maji katika maabara. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu.

Kurasa mlizonitumia nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Katika riwaya zote tatu yumo mwanamume mbaya. Mmoja anagonga meza na kusema mahali pa mwanamke ni jikoni. Wa pili anadai rushwa ya ngono ndipo asaini fomu ya utafiti. Wa tatu anaiba daftari la binti. Watu hao wapo, nami nimekutana nao, na anayewaandika hajasema uongo. Ila nilipomaliza kusoma nilibaki na swali moja. Mbona yule binti, katika riwaya zote tatu, hajiulizi hata siku moja kama huenda ni yeye aliyekosea?

Nauliza kwa sababu shaka hiyo ndiyo inayotumaliza. Tusi linauma, lakini unalihadithia nyumbani, mnalia au mnacheka, usingizi unakuja. Shaka unalala nayo na unaamka nayo. Leo nataka niwasimulie mwanamke aliyegundua jua limeumbwa kwa vitu gani, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alichokigundua si cha kweli. Na aliyemfikisha hapo hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

Jina lake Cecilia Payne. Alizaliwa mwaka 1900 katika mji mdogo wa Wendover, Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, mama akabaki na watoto watatu wa kulea. Mwaka 1919 aliingia chuo cha Newnham, Cambridge, kusoma botania, fizikia na kemia. Mwaka huo huo mwanafalaki Arthur Eddington alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Príncipe, kando ya pwani ya Afrika, alikokwenda kupiga picha za nyota wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei, ili kupima kama mwanga hupinda ukipita karibu na jua kama alivyosema Einstein. Payne alipata tiketi ya mhadhara wa Eddington kwa bahati tu. Aliporudi chumbani aliuandika mhadhara wote kwenye karatasi, neno kwa neno, na botania ikaishia pale.

Basi akahamia fizikia, na huko ndiko alikomkuta Ernest Rutherford, mtu aliyegundua kiini cha atomu, mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 1908. Kanuni za chuo zilitaka wanawake wakae safu ya mbele, peke yao. Katika somo lile mwanamke alikuwa mmoja. Kwa hiyo ichoreni picha hii: ukumbi umejaa vijana wa kiume, benchi la mbele ni tupu, na juu ya benchi hilo ameketi msichana mmoja na daftari lake. Profesa anaingia. Anamtazama. Anaanza kwa kusema "Mabibi na mabwana", akilikaza lile neno la kwanza. Ukumbi mzima unapiga makofi na kukanyaga sakafu kwa viatu. Kipindi kinachofuata, vivyo hivyo. Na kinachofuata. Payne alikuja kusimulia uzeeni kwamba kila mara alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwamba tangu wakati huo akiingia ukumbi wowote hukitafuta kiti cha nyuma kabisa.

Nyinyi mliokaa karibu na mlango, ndiyo maana sikuwaita mje mbele.

Mwaka 1923 alimaliza masomo na hakupewa shahada kamili, kwa kuwa Cambridge ilikuwa haiwapi wanawake. Ilianza kuwapa mwaka 1948. Kwao kazi aliyoiona mbele yake ilikuwa ualimu wa shule ya wasichana. Ni kazi njema, mimi naifanya kwa moyo wote, lakini yeye alitaka nyota. Harlow Shapley, mkurugenzi wa kituo cha nyota cha Harvard, Marekani, akampatia ufadhili mdogo, naye akapanda meli.

Kule Harvard alikuta mabamba ya kioo kwa malaki, kila moja limepigwa picha ya anga la usiku. Tangu karne ya 19 wanawake walikuwa wakiajiriwa pale kuyasoma kwa lenzi, bamba baada ya bamba, kwa ujira mdogo. Annie Jump Cannon peke yake alipanga nyota zipatazo 350,000 katika makundi, na mpaka leo mwanafunzi wa elimu ya nyota duniani kote anakariri herufi zile: O, B, A, F, G, K, M. Kazi ya kupanga ilikuwa yao. Kuuliza maana ya mpangilio huo kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume.

Msidhani hayo ni ya zamani. Nenda shule yoyote ya mchanganyiko siku ya praktikali ya fizikia. Meza moja, wanafunzi watano. Nani ameshika ameta, kile kipimo cha mkondo wa umeme, na kuunganisha nyaya? Mvulana. Nani ameshika kalamu? Msichana, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Nimeiona meza hiyo kwa miaka 26. Hakuna aliyemtukana yeyote, wanacheka pamoja, wanagawana karanga. Na siku ya mtihani, kila mtu na vifaa vyake, yule msichana anaishika ameta kana kwamba itamuuma.

Sasa niwaeleze alichokifanya Payne, kwa sababu riwaya ya mwanasayansi isiyoonyesha sayansi yake imemnyima mtu huyo nusu ya moyo wake.

Mwanga wa nyota ukiupitisha kwenye mche wa kioo unatawanyika rangi kama upinde wa mvua, na katikati ya rangi hizo kuna mistari myembamba myeusi. Kila elementi, yaani kila aina ya atomu, ina mistari yake, kama alama za vidole. Mnaopikia gesi mmeshaona ndugu wa mistari hiyo. Sufuria ya maharage inafurika, maji ya chumvi yanamwagikia jiko, na moto uliokuwa wa buluu unageuka njano ghafla. Hiyo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi, inajitaja jina. Kwenye mwanga wa jua, mistari ya chuma ni mingi ajabu, na ya kalsiamu imekolea. Kwa hiyo mabingwa wa wakati ule waliamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vile vile vya dunia, kwa vipimo vile vile, tofauti ni joto tu.

Payne alizichukua hesabu za Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, aliyekuwa ameonyesha mwaka 1920 jinsi joto linavyozinyang'anya atomu elektroni zake na jinsi hilo linavyobadilisha mistari tunayoiona. Niwape mfano. Pita Kariakoo saa nne asubuhi. Unayemsikia ni yule mwenye kipaza sauti, "Elfu mbili, elfu mbili!" Ukifumba macho utasema soko zima ni lake. Kumbe limejaa maelfu wanaonong'onezana bei, wanaohesabu chenji, wanaobeba magunia kimya kimya. Chuma ndicho chenye kipaza sauti. Haidrojeni ndiyo umati. Kwa joto la uso wa jua, nyuzi 5,500 hivi za selsiasi, ni atomu chache mno za haidrojeni zilizo katika hali ya kuweza kuchora mistari tunayoiona kwa macho. Zote zilizobaki ziko kimya. Na bado mistari ile inaonekana. Basi umati huo una ukubwa gani?

Akapiga hesabu, nyota kwa nyota. Haidrojeni ikaizidi metali mara milioni hivi. Heliamu nayo ikatoka nyingi kupita kiasi.

Alikuwa sahihi. Leo tunajua kwamba takriban robo tatu ya uzito wa jua ni haidrojeni, karibu robo ni heliamu, na chuma, kalsiamu, dhahabu na kila kitu kingine kinagawana kile kidogo kinachobaki, kisichofika hata asilimia 2. Ndiyo maana jua linawaka: linaunguza haidrojeni na kuifanya heliamu. Asingepatikana mtu wa kusema haidrojeni ndiyo iliyojaa, swali la jua linakula nini lingekosa jibu. Na mtu wa kwanza kuiona namba hiyo alikuwa msichana wa miaka 24, peke yake, mezani pake.

Rasimu yake ikapelekwa kwa Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa elimu ya nyota Marekani nzima. Neno la Russell lilimfungulia kijana mlango wa kazi au liliufunga. Akajibu Januari 1925. Sehemu kubwa ya kazi aliisifu. Hakumkebehi, hakutaja kwamba ni mwanamke, hakumwambia arudi jikoni. Alimwandikia kama mwalimu anavyomwandikia mwanafunzi anayemtakia mema. Alisema tu kwamba ni wazi haiwezekani haidrojeni kuizidi metali mara milioni.

Payne akarudi kwenye tasnifu. Hakufuta hesabu zake. Jedwali aliliacha, namba zote ziko mahali pake, mtu yeyote anaweza kuzisoma hadi leo. Lakini pembeni ya namba hizo akaandika kwamba wingi huo mkubwa uliopatikana kwa elementi hizo katika angahewa ya nyota, ni karibu hakika kwamba si wa kweli.

Naomba mtulie hapo. Nyinyi watatu hasa. Huo ndio ukurasa ninaoutafuta katika riwaya zenu. Nyinyi mmepewa ruhusa ya kubuni ambayo mimi sina. Mpeni taa, mpeni kikombe cha chai kilichopoa, mpeni theluji ya Januari dirishani. Muacheni aandike sentensi hiyo, aikate, aiandike tena. Hadanganyi mtu. Ana adabu, ana akili, anaijua hesabu yake vizuri kuliko yule anayemkosoa, na bado mkono wake unaandika "si wa kweli."

Kuna atakayeniuliza: kijana wa kiume wa umri ule asingemtii Russell? Huenda angemtii. Wakati ule karibu kila mtu alifikiri kama Russell, na mwanafunzi kusikiliza mkubwa wake si dhambi. Lakini kijana huyo asingekuwa ametokea kwenye benchi la mbele alilokaa peke yake huku akikanyagiwa sakafu. Asingekuwa ametoka Cambridge bila shahada kwa sababu ya kuzaliwa alivyozaliwa. Asingekuwa akifanya kazi katika jengo ambamo watu wa jinsia yake walilipwa wapange, wasiulize. Barua ingekuwa ile ile. Aliyeipokea ndiye angekuwa mtu mwingine.

Mimi barua yangu ilikuwa ya mdomo. Nilikuwa na miaka 25, nimetumwa kupima maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Mnaotoka kule mnajua habari ya floridi: inatoka kwenye miamba ya volkano, inaingia kwenye maji, inawatia watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana inapinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo changu kilitoka mara kadhaa ya hapo. Nikasafisha kifaa, nikapima tena. Nikachukua sampuli nyingine. Mara tatu, jibu lile lile.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo kwa dhati. Aliponiona nina homa alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Aliitazama karatasi yangu, akavua miwani, akasema kwa upole, "Mwanangu, kisima kipya hakiwezi kutoa hivyo. Andika kwamba kifaa kinahitaji kuangaliwa, usije ukajiaibisha bure." Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu alinisifu kwa hilo. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba huenda ni hitilafu ya kifaa. Kisima kikatumika mwaka mmoja na nusu zaidi, mpaka alipokwenda mpimaji mwingine akapata nilichokipata.

Nilipokuwa kule, mama mmoja alimshika mwanawe kidevu akamfunua mdomo ili nione. Hakusema neno. Alidhani nimekwenda kumsaidia.

Siwezi kusema ilikuwa kwa sababu mimi ni mwanamke. Ndilo gumu lenyewe: huwezi kusema. Hukuitwa jina baya, huna ushahidi wa kupeleka kokote, huna hata wa kumchukia. Una sentensi tu, na ni ya mkono wako.

Ya Payne baada ya hapo niyapitie haraka. Tasnifu yake ya mwaka 1925 ilimpa shahada ya uzamivu, akaipata kupitia chuo cha wanawake cha Radcliffe, kwa kuwa Harvard yenyewe haikuwapa wanawake. Mwaka 1929 Russell alifika kwenye haidrojeni ile ile kwa njia yake mwenyewe, akachapisha. Tumtendee haki: alimtaja Payne na kusema matokeo yao yanapatana. Lakini kwa miaka mingi watu walipoulizwa nani aligundua, walisema Russell. Payne akaendelea kufundisha Harvard huku masomo yake hayaandikwi kwenye orodha ya chuo, mpaka mwaka 1945. Mshahara wake uliingizwa kwenye hesabu za vifaa. Ndiyo, vifaa, fungu moja na darubini. Rais wa chuo alikuwa amesema kwamba yeye akiwa hai, Bi Payne hatapata cheo pale. Akaolewa na Sergei Gaposchkin, mtaalamu wa nyota kutoka Urusi, wakazaa watoto watatu, wakapima pamoja na wasaidizi wao nyota zinazobadilika mwanga, vipimo zaidi ya milioni moja. Mwaka 1956 akafanywa profesa kamili, kisha mkuu wa idara, mwanamke wa kwanza kuongoza idara pale Harvard. Hesabuni wenyewe kutoka 1925.

Mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya kifo chake, wanafalaki wa Marekani walimpa tuzo yao kubwa. Tuzo hiyo inaitwa kwa jina la Henry Norris Russell. Akaipokea, na katika hotuba yake akazungumzia furaha ya mtu kuwa wa kwanza katika historia ya dunia kuona jambo fulani.

Na ile sentensi? Uzeeni aliisemea. Alisema lawama ni yake, kwa kuwa aliinamia mamlaka ilhali aliamini kwamba yuko sahihi. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi na kila mara koo linanikaba, kuliko hata sentensi yenyewe ya 1925. Ukumbi ulimkanyagia sakafu, chuo kikamnyima shahada, mkubwa akamwambia haiwezekani, na baada ya miaka yote hiyo mzigo bado ameubeba yeye. Mkimwandika mwanamke wa namna hii, msimpe msomaji adui wa kumzomea halafu alale vizuri. Mpeni Russell. Mpeni mkuu wangu wa kazi na gari lake. Msomaji atajitambua ndani yao, hasa yule anayejijua kuwa mtu mwema, na hapo riwaya yenu itakuwa imeingia mahali ambapo hotuba yangu haifiki.

Sasa chai iko tayari. Tukishakunywa, maabara ni mlango wa pili kushoto, nimeomba ufunguo. Tutafunga mapazia tuwashe moto mmoja tu, wa buluu. Nimeleta chumvi ya jikoni kwenye kikopo, waya safi, na kipande cha mche wa kioo. Kaka zetu wawili mnaoandika riwaya, chukueni daftari, mtaandika matokeo. Dada, wewe uliyekaa nyuma kabisa, njoo ushike waya.